MJADALA: Michelle wa EastEnders, baba wa mtoto aliyefichwa, na jani la sale la kuombea msamaha wanalopewa wazee wakati binti yuko jikoni

MLETA MADA, Majengo Moshi

Wakuu habari za leo. Naomba mada hii tuijadili kwa heshima maana imenikaa kifuani tangu Desemba, leo nimesema niiandike tu.

Mnajua Desemba sisi Wachaga tunapanda nyumbani, sa mdogo wangu anayefanya kazi Uingereza naye alikuja, akakaa pale saluni kwangu siku mbili anasukwa huku anatuhadithia tamthilia moja ya kule inaitwa EastEnders, ilianza BBC Februari 1985 na mpaka leo inaendelea. Kuna binti humo anaitwa Michelle Fowler, miaka 16, bado mwanafunzi, nyumbani hali ngumu, baba hana kazi, mama yake mwenyewe katoka kujifungua mwaka huo huo. Michelle anashika mimba. Watazamaji hawaambiwi ni ya nani, kila mtu anakisia, mpaka Oktoba ndo wanaonyeshwa binti yuko kando ya mfereji anamsubiri mwanaume, gari linasimama, anashuka mbwa, halafu mwenye mbwa, Den Watts, yule mwenye baa pale mtaani. Na huyo Den ndo baba wa Sharon, rafiki kipenzi wa Michelle! Saluni nzima tulipiga kelele, hadi mteja aliyekuwa kwenye draya akatoa kichwa anauliza kuna nini.

Basi ubishi ukaanza. Michelle alifikiria kutoa, na kule sheria ya mwaka 1967 ilikuwa inaruhusu kwa masharti yake, akaamua hatoi, akamzaa Vicki 1986. Kijana mmoja mpole anaitwa Lofty akajitolea kumuoa ili mtoto apate baba, siku ya harusi binti akamwacha anasubiri kanisani, baadae wakaja kuoana kimya kimya na ndoa haikudumu. 1988 akashika mimba ya huyo Lofty, hiyo akaitoa. Akaja akasoma mpaka chuo kikuu. Sa kila mtu pale saluni akawa na lake, mmoja anasema angetoa ile ya kwanza, mwingine anasema angeolewa na Lofty atulie, mwingine anasema angempa mama yake alee. Tumebishana saa mbili nzima na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu Den. Mwanaume mzima ana mke ana baa, amempa mimba rafiki wa mtoto wake, akaendelea kumimina bia kama kawaida na binti akamtunzia siri yake.

Mimi nikaenda nyuma ya saluni nikalia. Nawaambia kwa nini.

2003 nilikuwa kidato cha tatu, shule siitaji. Kila muhula tulikuwa tunapangwa foleni tunabonyezwa tumbo, wenyewe wanaita kupima. Nikakutwa na mimba ya miezi minne, siku hiyo hiyo nikapewa barua, sanduku kichwani nikapanda nyumbani Uru. Aliyenipa ile mimba alikuwa na mke na watoto, ana duka, baba yangu alikuwa anachukua kwake pumba za ng'ombe kwa mkopo. Jumamosi wakaja wazee wa upande wake na mbege, mbuzi, laki moja na nusu, na jani la sale. Msio wa huku, sale ni lile jani tunalopanda mipakani, mtu akikosea anakuja nalo kuomba msamaha, na kwetu mtu akikuletea sale kumfukuza ni kazi ngumu sana. Mimi nilikuwa jikoni napika ndizi za wageni nasikia kila neno. Wakanywa, wakapatana, hadi deni la pumba likafutwa. Baba akapokea sale.

Sasa hoja yangu ndo hii. Sale alipewa baba, lakini aliyekosewa alikuwa mimi, na hakuna aliyekuja jikoni kuniuliza kama nimesamehe. Tunakaa tunabishana binti atoe, azae, aolewe, arudi shule, yote ni maamuzi ya binti, wakati lile la kwanza kabisa, kwamba mwanaume atajwe au afichwe, limeshaamuliwa sebuleni na watu wazima wenye faida nalo. Mimi nasema hii tabia ya kuyamaliza kindugu ikome. Nyie mnasemaje?

MDAU WA SAKINA, Arusha

Dada pole sana kwa yaliyokukuta, nasema kwa dhati. Ila mi nitapingana na wewe kidogo. Tamthilia za wazungu zina mazingira yao. Huku kwetu binti naye aambiwe ukweli, maana siku hizi mimba haina aibu tena, anazaa anarudi darasani na wenzake wanamuona shujaa. Hayati Magufuli alisema wazi Juni 2017 akiwa Chalinze, ukipata mimba basi, na watu wengi tulimuunga mkono kwa sababu tuna mabinti na tulitaka waogope.

MLETA MADA

Kaka yangu wa Sakina, hofu tulikuwa nayo sana tu. Tulikuwa tunabonyezwa tumbo, tunasomwa majina mstarini mbele ya shule nzima, na bado wenzangu wanne darasani kwetu waliondoka hivyo hivyo. Hofu yote alibebeshwa binti, yule mwenye duka hakuogopa kitu kwa sababu alijua bei yake, mbuzi na laki na nusu. Na kuhusu ushujaa, mwenye mtoto mgongoni anayeamka saa kumi usiku kunyonyesha ndo awahi namba shuleni, mi sioni atakayemuonea wivu.

MWALIMU, Arusha

Nichangie kama mtu wa darasani miaka 19. Waraka wa elimu namba 2 wa 2021, uliotoka baada ya tangazo la waziri Novemba 24 mwaka ule, unaruhusu mwanafunzi aliyeacha kwa sababu ya ujauzito kurudi ndani ya miaka miwili. Nimempokea mmoja mwaka juzi. Aliomba akae dawati la nyuma karibu na mlango, saa nne anatoka mbio kwa bibi yake kunyonyesha anarudi kipindi kimeshaanza, shati limelowa maziwa anafunika na sweta hata jua likiwaka. Hakuna aliyemuiga. Kilichotokea ni kwamba wasichana wengine walianza kuniuliza maswali ambayo hawajawahi kuniuliza.

Ila mleta mada naomba nikuongezee ugumu. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inasema anayempa mimba mwanafunzi ni jela miaka 30. Tunaishangilia, lakini mimi naona ndo inayofunga midomo. Mara nyingine aliyempa mimba ni kijana mwenzake wa kidato cha nne, au konda wa hiace mwenye miaka 19, binti anampenda na anajua akimtaja anampeleka gerezani mpaka azeeke. Anataja jina la mtu aliyekufa, au anasema ni mtu wa Dodoma hamjui. Michelle naye hakumtaja Den sio kwa sababu alinunuliwa, alimtunzia siri mwenyewe. Hapo utamwambiaje binti?

MLETA MADA

Mwalimu umenishika pabaya na nakubali. Sina jibu zuri kwa yule kijana wa kidato cha nne, kwangu mimi miaka 30 kwa watoto wawili waliopendana ni kuharibu wawili, hakimu angepewa nafasi ya kutofautisha. Lakini Den sio kijana wa kidato cha nne. Na hata ule ukimya wa Michelle ebu uangalie vizuri, angemtaja angempoteza Sharon, angevunja nyumba ya watu, angemuua mama yake kwa aibu. Mtoto wa miaka 16 amepewa kubeba nyumba mbili, hiyo nayo ni bei, tofauti ni kwamba hakuna aliyeleta mbuzi. Sharon mwenyewe alikuja kujua baadae sana kwamba mtoto wa rafiki yake ni mdogo wake.

NESI, Moshi

Mi nagusia tu pale mlipopita haraka, kutoa mimba. Huku kwetu sheria ni kali, kanuni ya adhabu inampa mwanamke anayejitoa mimba hadi miaka saba na anayemsaidia hadi 14, inaachia tu pale daktari anapookoa maisha ya mama. Matokeo yake mabinti wanakunywa majani ya chai yaliyokolea, vidonge walivyoelekezwa na rafiki, wengine vitu hata sitaki kuviandika hapa. Wanakuja usiku damu zimejaa kanga na wanaogopa kutuambia. Naomba mjue na muwaambie watoto wenu: ukitokwa damu njoo, matibabu baada ya mimba kuharibika yapo na sisi kazi yetu ni kukutibu. Na anayeamua kuzaa aanze kliniki mapema, miaka 15 au 16 nyonga inakuwa bado, presha na kifafa cha mimba vinawapata sana, asijifungulie nyumbani kwa kuficha.

BABA WA MBAUDA, Arusha

Nimesoma yote nimeshindwa kulala. Mimi ni yule baba. Mimi nilipokea.

Binti yangu alikuwa darasa la saba. Sio kwamba simpendi. Nilienda polisi mara ya kwanza, nikaambiwa njoo Jumatatu. Nikaenda Jumatatu. Kesi ikaanza, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, kila siku nafunga genge langu, nauli, binti anasimama pale anaangaliwa na watu, na yule mtu anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, ndugu zake wanakutana na mke wangu kisimani. Walipokuja na laki tano nikaona angalau mtoto atakunywa maziwa. Binti hakwenda tena kutoa ushahidi, kesi ikafa. Sasa ana miaka 22, ananisalimia vizuri, ananipikia, lakini tangu siku ile haniangalii usoni. Sikujua kwa nini mpaka leo nimesoma ile habari ya jikoni.

MLETA MADA

Mzee wangu, shikamoo. Nimekaa na simu mkononi muda mrefu kabla ya kukujibu.

Baba yangu alifariki 2015 na sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa na hasira naye miaka yote ile na leo wewe ndo umenieleza upande wake, yeye hakuwahi. Sikulaumu kwa nauli na genge, hapo serikali ndo ijibu, kwa nini kesi ya mtoto iahirishwe mpaka mzazi achoke, wakati vipimo vya vinasaba kwa Mkemia Mkuu vipo na vingeweza kusema ukweli bila mtoto kusimamishwa mara saba. Ila mzee naomba nikwambie kama binti. Mwite. Usimpe sababu za kesi, anazijua. Mwambie tu kwamba siku ile ulipaswa kumuuliza yeye kwanza. Mimi ningetoa chochote kusikia hayo maneno.

MDAU WA SAKINA, Arusha

Sijabadilisha msimamo wote, bado nataka mabinti wafundishwe kujitunza. Lakini hili la wazee kupokea fidia nimelifikiria. Na ndoa nayo ni vile vile, pale mtaani kwetu kuna binti wa miaka 15 aliozwa fasta kufunika mimba na wote tulienda kula pilau. Mahakama ya Rufani 2019 ilisema vile vifungu vya sheria ya ndoa ya 1971 vinavyoruhusu haya vinapingana na katiba, na sisi tulikula pilau miaka miwili baadae. Nilikuwepo.

MAMA WA HIMO

Samahani naingilia, mi sijui kuandika sana. Mwanangu yuko kidato cha pili, mimba miezi mitano, aliyempa ni fundi aliyekuwa anatujengea, mtu mzima. Jumamosi hii wanakuja na mbege na sale kama alivyosema dada. Shemeji zangu wanataka tupokee. Nifanyeje?

MLETA MADA

Mama, usisubiri Jumamosi. Kesho nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na umtafute afisa ustawi wa jamii, hata kama shemeji wamenuna. Mpeleke kliniki wiki hii, nesi ameshasema hapo juu. Shuleni omba maandishi yenye tarehe aliyoacha masomo, uyatunze vizuri, ile miaka miwili ya kurudi ndo itahesabiwa hapo. Hao wageni wakija wape chai kama wageni wengine, sale usiliguse. Nauli ikikushinda niandikie pembeni, sisi wa saluni tutachanga. Na Jumamosi mwanao asiwe jikoni.

MAMA WA HIMO

Nimemuuliza sasa hivi. Anasema mbele ya wazee hawezi kuongea, ila huyo wa ustawi wa jamii akiwa mwanamke ataongea naye, nami nikae nje mlangoni. Tunatoka na hiace ya kwanza asubuhi.