Tupeane uzoefu: jina gani ulibandikwa likagoma kubanduka?

Kanzu ya Jumapili
Wakuu, juzi nilikuwa Tanga kwa wazazi. Asubuhi tumekaa barazani Ngamiani, bao linachezwa, kahawa inazunguka, mara spika ya msikiti: ndugu yetu fulani bin fulani amefariki, maziko leo baada ya adhuhuri. Watu wakasema inna lillahi, wakaulizana ni nani huyo, hakuna anayemjua. Bao likaendelea. Kama robo saa hivi akapita kijana na baiskeli: "Jamani, Debe kafariki!" Baraza zima likasimama, kete zikamwagika. Kuna mzee alianza kulia palepale, na ndiye aliyekuwa ameuliza ni nani huyo.

Debe nimemjua tangu nina miaka sita. Alikuwa akiniazima pampu ya baiskeli. Jina lake nimelisikia kwa mara ya kwanza siku anayozikwa. Na kwa nini aliitwa Debe? Mmoja anasema alikuwa na sauti kubwa, mwingine anasema zamani aliuza mafuta ya taa, wa tatu anasema alipokuwa kijana alishikwa na debe la nazi za watu. Hiyo ya tatu imenikaa moyoni. Huenda mtu alikosea siku moja tu, akaenda nalo mpaka mwanandani.

Tupeane uzoefu basi. Ulibandikwa nini, nani alibandika, na wewe ulifanyaje? Wazee wa matusi kaeni pembeni.

Mshona Viraka
Nakaa hapa na karanga zangu.

Mwalimu wa Zamu
Mimi ni "Voda Fasta". Wa rika langu wameshacheka tayari.

Kwa wadogo zetu: shule za kata ziliota kama uyoga kuanzia 2004 na kuendelea, majengo yapo, walimu hawapo. Serikali ikachukua waliomaliza kidato cha sita, kozi ya mwezi mmoja, leseni mkononi, haya nenda kafundishe. Mimi ni wa 2007. Siku ya kwanza naingia darasani nakuta ubaoni wamechora mstatili, ndani yake mstari uliopakwa unga wa chaki, juu yake wameandika KWANGUA HAPA. Sikuelewa. Nikacheka nao! Nikafuta ubao, nikafundisha Jiografia kwa bidii zangu zote.

Aliyenieleza ni mwalimu mwenzangu wa stashahada, saa ya chai. "Wewe ni vocha, mdogo wangu. Unaingia chapu, unaisha chapu." Na yeye hakuwa na maana mbaya, ndiyo maana iliniuma. Kikao cha wazazi, mzee mmoja anasimama anauliza: mwanangu anafundishwa na mwalimu au na ile nyingine?

Baadaye nilisoma, shahada ninayo, mwaka huu nina miaka kibao kazini. Lakini nikipita kwa wale wa zamani kuna anayetoa sarafu mfukoni na kuikwangua hewani. Hasemi kitu. Anakwangua tu.

Kisu cha Muhogo
KWANGUA HAPA 😂😂 Hao watoto wangepewa wizara.

Bint Mlandege
Mie niko Maskati mwaka wa tisa, kazi za ndani. Huku tunaitwa shaghala, jina lako watauliza wakishakuzoea, na wengine hawaulizi. Bibi ninayemtunza kazaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu kushinda changu. Usiku mmoja akanihadithia: kule sie tukiitwa Wamanga, wageni, tumetoka Manga. Qaboos kaingia 1970 katuita turudi kwetu, tumefika, watu wa huku wakatuita Wazinjibari, wageni, tumetoka Zanzibar. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikamuonea huruma.

Kisha akanambia, "We shaghala, hebu lete chai."

Na nikenda likizo Mlandege naitwa Mwarabu, mabegi yangu yahesabiwa kabla sijavuliwa viatu.

Kisu cha Muhogo
Hapo kwenye chai nimepaliwa.

Anti wa Wote
Niandike haraka kabla sijaghairi. Nina miaka 46, sijazaa. Watu wanafikiri jina baya ni tasa au mgumba. Hayo unaambiwa na mtu mmoja mwenye hasira, yanapita. Langu mimi ni kukosa jina. Kamati ya harusi wanaandika orodha ya akina mama wa mapishi: Mama Neema, Mama Junior, Mama Pacha, wakafika kwangu kalamu ikasimama. "Na wewe dada tukuandikeje?" Tumekaa mtaa mmoja miaka kumi na tisa. Wakaandika "yule wa geti la bluu".

Fundi Pasi
Dada jiite Mama Paka yaishe.

Anti wa Wote
Paka alikufa mwezi wa nne.

Fundi Pasi
Pole. Sikujua.

Mvuvi wa Kilindini
Huku kwetu Kenya tulivalishwa lenyewe. Diski, kibao cha mti na kamba, shingoni. Kosa lako ni kuongea lugha ya mama shuleni. Unakaa nayo hadi umsikie mwenzako akiteleza, unamvisha. Jioni wanaitwa wote waliopitiwa nayo, viboko. Nilikuwa bingwa wa kuiondoa: namfuata rafiki yangu, namkanyaga kidole cha mguu kusudi, alie kwa lugha yao. Tulikuwa darasa la nne. Mpaka leo nikisikiliza mtu anaongea, kuna sehemu yangu inasubiri akosee.

Mtoto wa Reli
Mleta mada umeniamsha. Sikupanga kuandika.

1983 nilikuwa darasa la tatu, mji mmoja wa reli ya kati. Waliokuwepo wanajua: sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga mpaka uwe na mtu wako duka la serikali. Foleni ilipangwa kwa mawe, unaweka jiwe lako saa tisa usiku unarudi kulala. Baba alikuwa na kiduka cha mlango mmoja. Ndipo Sokoine akatangaza vita na walanguzi na wahujumu uchumi. Jioni redio inasoma, huyu kakutwa na saruji, yule kakutwa na vitenge. Usiku tunasikia vishindo, watu wanatupa mali korongoni. Asubuhi sisi watoto tunakwenda kuokota miche ya sabuni iliyolowa.

Baba hakutupa. Alisema mhujumu ni mtu mkubwa, mimi nina katoni nne na vikhanga vya kuuza, mhujumu gani wa katoni nne? Kwa akili yake lile neno lilikuwa kama koti, na yeye halimtoshi.

Wakaja alfajiri, mgambo wanne, polisi mmoja, na balozi wa nyumba kumi. Mama aliposikia mlango unagongwa akaanza kuvaa khanga. Doti saba. Anajifunga moja juu ya nyingine, jasho linamtoka, mpaka akawa kama mjamzito wa miezi tisa. Mimi nikakalishwa juu ya debe la mafuta ya kula, nikafunikwa blanketi, "huyu ana malaria". Nilitetemeka vizuri kuliko mwenye malaria. Sabuni zilikuwa mvunguni, zikaonekana.

Yule polisi akamgeukia balozi: "Huyu tumwandike nani?" Balozi akafikiri kidogo. Akasema, "Mwandike mhujumu."

Nimeishi na ile "kidogo" miaka yote hii. Balozi alikuwa akikopa sabuni kwetu, angeweza kusema muuza duka. Nikiwa kijana nilimchukia. Siku hizi nadhani aliogopa. Kata nzima ilikuwa inatafutwa mhujumu, na kama hayupo kwa baba, wangeanza kuuliza yuko nyumba ipi.

Baba alikaa ndani miezi minane. Akarudi amekonda, hana kesi, na hakuna aliyetangaza redioni kwamba hana kesi. Shuleni mwalimu akiita majina, akifika kwangu anasema "Mhujumu", naitika "nipo". Nimeitika hivyo mpaka namaliza la saba. Kwenye mpira, "mpe pasi mhujumu". Na mjue sikuwa naelewa maana yake. Nilidhani ni kabila. Nilimuuliza mama, sisi Wahujumu kwetu ni wapi?

Akaja Mzee Mwinyi, mambo yakawa ruksa. Mama akafungua duka mlango uleule, sabuni zilezile, khanga kazitundika nje kabisa jua linazipiga. Nani mteja wa kwanza? Balozi. "Mfanyabiashara wetu, hebu nikopeshe mche mmoja." Sasa hivi mwanangu anauza sabuni kwa simu, na anaitwa mjasiriamali, wamempa na cheti. Nimekitundika sebuleni. Baba alikitazama, akauliza, "Hii nayo inakaa miaka mingapi?"

Mshona Viraka
Karanga zimenikwama.

Sauti ya Ghala
Hii chai. Doti saba mtu anatembeaje?

Mtoto wa Reli
Hakutembea. Alikaa.

Jiwe la Foleni
Pole kwa yaliyokukuta ila usimchafue Sokoine hapa. Sisi tulifulia majani ya mpapai kwa ajili ya watu kama baba yako. Mdogo wangu aliogeshwa bila sabuni tangu anazaliwa. Sabuni ilikuwepo, ila ilikuwa mvunguni kwa watu. Umesema mwenyewe.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Katoni nne ndizo zilizokausha nchi nzima? Sheria ile ya 1983 ilikuwa na baraza lake maalumu, dhamana hakuna, wakili haruhusiwi kuingia. Mtu akishaitwa mhujumu, atajitetea kwa mdomo gani? Mwaka uliofuata ikaletwa nyingine ya uhujumu uchumi, na hiyo ipo mpaka leo, soma magazeti. Neno halijastaafu.

Jiwe la Foleni
Nilijua tu utatokea. Wewe lazima Mpare, utauza ng'ombe ushinde kesi ya mbuzi.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Mimi Mrangi. Na Mpare mtani wake Mchaga, wewe nani kakuita?

Jiwe la Foleni
Mrangi wa Kondoa anatetea wenye maduka, makubwa haya.

Kanzu ya Jumapili
Jamani. Uzi wa majina, mmeshaanza kugawiana.

Jiwe la Foleni
Tunataniana mkuu, usiwe mlokole.

Kanzu ya Jumapili
Mimi Mwislamu.

Mjukuu wa Bibi Mmoja
Kwetu Shinyanga. Kule kuni ni shida, bibi alipikia kinyesi cha ng'ombe tangu msichana, nyumba haina dirisha, macho yakawa mekundu. Wote mnajua kikongwe mwenye macho mekundu anaitwaje kwetu. Ng'ombe wa jirani akifa, watu wanapita mbele ya mlango taratibu wakitazama ndani. Tulimtoa usiku, tukamleta Mwanza, tunapikia gesi. Macho yameanza kuwa meupe. Kila siku anauliza lini atarudi kwake.

Sauti ya Ghala
Turudi kwa doti saba. Vipande kumi na vinne, kwa joto lile?

Mzururaji Mstaafu
Mwaka huohuo wa 1983 kulikuwa na Nguvu Kazi pia, msisahau. Dar ukikutwa barabarani huna kitambulisho cha kazi, wewe mzururaji, lori hilo, kijijini ukalime. Mimi nilikuwa na kazi na kitambulisho ninacho, ila kilikuwa kwenye suruali nyingine. Nilizurura rasmi siku kumi na moja. Suruali ile niliichoma moto.

Kisu cha Muhogo
Suruali ina kosa gani 😂

Fundi Pasi
Ushauri wangu: jina ukilikasirikia linaganda, ukilicheka linachoka lenyewe.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nilicheka siku ya kwanza kabisa, mbele ya darasa zima. Halijachoka.

Mvuvi wa Kilindini
Hama mji. Hiyo ndiyo dawa.

Mzururaji Mstaafu
Nilihamia Songea. Wiki ya pili niko stendi, kondakta wa basi la Dar ananing'inia mlangoni, "Wee Mzururajiii! Umefika mpaka huku?" Stendi nzima ikageuka.

Anti wa Wote
Mjukuu wa Bibi, nimesoma ya kwako. Mwambie bibi namsalimu. Anaitwa nani?

Mjukuu wa Bibi Mmoja
Ahsante anti. Hapa sitaandika, lakini nimemwambia kuna mtu kauliza. Amefurahi.

Mshona Viraka
Mtoto wa Reli, zile khanga ziliishia wapi?

Mtoto wa Reli
Doti nne mama aliuza apate nauli ya kwenda kumwona baba. Moja dada aliolewa nayo. Moja tulimzikia bibi. Iliyobaki ninayo mimi, ila panya wameila, jina lake linasomeka mwanzo tu: MWENYE. Mama anasema hakumbuki ilimalizikaje, siku ile hakuwa anasoma.

Kisu cha Muhogo
MWENYE WIVU AJINYONGE. Hiyo bila ubishi.

Bint Mlandege
Hata. Zile za zamani zilikuwa na adabu. Itakuwa MWENYE SHIBE HAMJUI MWENYE NJAA.

Jiwe la Foleni
Kwa mwenye sabuni mvunguni hiyo ya shibe imefaa.

Wakili wa Chini ya Mwembe
Umeanza tena wewe.

Sauti ya Ghala
MWENYE KELELE HANA NENO. Na mkuu tupigie picha hiyo khanga, pindo lionekane, ndiyo nitaamini.