Mafundi mnaokabidhi mtandao wenye lupubaki zisizofikika mnatugombanisha na mabosi wetu

Wakuu, mods naomba uzi huu ubaki hapa jukwaa la mitandao msiupeleke kule kwa vichekesho, maana najua ukisomwa haraka unachekesha.

Tuko Tanga, kampuni ndogo ya kusambaza intaneti, wateja wetu ni mahoteli, shule, maduka ya Ngamiani na nyumba kadhaa za Raskazone. Tuna ruta (mashine za kuelekeza data) kubwa tatu, mjini, Muheza na Pangani, zimeungwa kwa redio kama pembetatu ili njia moja ikifa nyingine ibebe. Watoa huduma wa juu tunao wawili, mmoja tunakutana naye mjini mwingine Muheza. Bosi akaleta mkandarasi kutoka Dar afunge OSPF (inayozifanya ruta zetu zielezane njia zenyewe) na BGP (ya kubadilishana njia na watoa huduma wa juu), akaja na vijana wake, wakatukabidhi faili lina mchoro wa rangi na jedwali la lupubaki (anwani ya ndani ya ruta isiyotegemea waya wowote), mjini 10.255.0.1, Muheza 10.255.0.2, Pangani 10.255.0.3, pembeni imeandikwa "anwani za usimamizi". Jioni hiyo hiyo wakapanda gari. Tanga si ndo waja leo waondoka leo, basi hawa wameichukua neno kwa neno.

Nazijaza anwani kwenye seva ya monita: mjini kijani, Muheza nyekundu, Pangani nyekundu. Na wateja wa huko kote wanaperuzi kama kawa!

Napiga simu naambiwa eti "angalia majirani wa OSPF, si unaiona 10.255.0.3 iko FULL, ikiwa FULL maana yake inafikika". Jamani. FULL maana yake majirani wameshapeana taarifa zao zote za njia, basi. Ile unayoiona kwenye orodha ya majirani ni ruta-ID, yaani jina la ruta ndani ya OSPF, ni namba ya biti 32 iliyoandikwa kwa nukta ikafanana na anwani, basi. Cisco usipompangia ID anajichukulia anwani kubwa kuliko zote kwenye lupubaki zake, kama hana lupubaki anachukua ya intafesi (poti) iliyo hai, lakini kuichukua kuwa jina lake si kuitangaza. Lupubaki isipowekwa ndani ya OSPF majirani watakuwa FULL mpaka kiama na hakuna ruta nyingine itakayokuwa na njia ya kwenda kwenye hiyo anwani. Fundi anayetoza hela za BGP halijui hili?

Akampa simu mwenzake, huyo ndo alinimaliza kabisa, eti "kaka lupubaki haitoki nje ya mashine, ndivyo ilivyoumbwa". Huyo anaongelea 127.0.0.1! Hiyo kweli haitakiwi kutoka nje. Lupubaki ya ruta ni intafesi ya kwenye programu tu, haina waya wa kuchomoka, iko hai muda wote ruta inapowaka labda mtu aizime mwenyewe, na unaipa anwani ya kawaida ya mtandao wako kwa sababu hiyo hiyo, ili ifikike kwa njia yoyote itakayokuwa imebaki.

Sasa angalia walivyorekebisha. Wakaingia kwa mbali wakaandika ruti za mkono (njia zisizobadilika zenyewe), kutoka mjini kwenda 10.255.0.3 pitia redio ya Pangani. Monita ikawa kijani, wakasema wamemaliza. Ukaja upepo wa kusi ukaliyumbisha dishi la hiyo redio, linki ikafa, lakini waya kati ya ruta na redio upo salama kwa hiyo ruta inaona poti iko juu na ile ruti ya mkono inabaki pale pale inamwaga pakiti hewani. OSPF ikasubiri sekunde zake 40 bila kusikia helo (salamu za jirani) ikawahamishia wateja wote Muheza, wala hawakujua kitu. Monita yangu inalia Pangani imekufa. Bosi ananipigia kwa sauti ile, nenda Pangani sasa hivi, nikaenda, nafika meneja wa hoteli ananiuliza "mbona intaneti ipo, umekuja kufanya nini?" Nauli, siku nzima, aibu, ya nani?

Nikawaambia toeni huo ujinga, itangazeni kwenye OSPF. Wakafanya kubaya zaidi, wakaamuru kila ruta imwage ndani ya OSPF kila kitu kilichounganishwa nayo. Ni kweli lupubaki zikaja, kama ruti za nje, ila zimekuja na takataka zote za vituoni pamoja na 192.168.1.0/24 ya kamera ambayo ipo Muheza na ipo Pangani. Nafungua kamera ya Pangani naletewa picha ya geti la Muheza, kwa sababu ruti hizo za nje zikija na metriki (gharama ya njia) sawa ruta inachagua aliye karibu zaidi. Halafu wakatuma invoisi, kutangaza lupubaki eti haimo kwenye mkataba. Kha!

Kazi yenyewe ni ya kuandika huku unakunywa chai. Kwenye Cisco unaingia lupubaki, anwani /32 (yaani anwani moja tu), unaandika ip ospf 1 area 0, mstari mmoja. Kule kwenye MikroTik unaweka bridge tupu isiyo na poti, unaipa /32, unaiingiza kwenye template ya OSPF na kuiwekea passive (isitume helo) maana hakuna jirani wa kumsalimia humo. Ndo hivyo tu.

Ila kilichonichefua zaidi ya vyote ni BGP. iBGP (BGP ya ndani, kati ya ruta zetu wenyewe) kati ya mjini na Muheza wameifunga kwenye anwani za linki! Yaani linki ya mjini na Muheza ikifa, sesheni (mazungumzo ya BGP) nayo inakufa wakati njia ya kuzungukia Pangani ipo na iko nzima, sasa pembetatu tulijenga ya nini? Ungeifunga lupubaki kwa lupubaki, OSPF ingepata njia nyingine ndani ya zile sekunde 40, na BGP kwetu inavumilia sekunde 180, isingeshtuka hata kidogo. Na chanzo cha sesheni kiwe lupubaki pande zote mbili, maana upande ambao hujauweka, salamu zake mwenzake anaona zinatoka kwa mtu asiyemjua anazikataa, sesheni inabaki kutegemea upande mmoja tu kuianzisha.

Kwa hiyo sisaini makabidhiano mengine mpaka mkandarasi akae na mimi apingi (atume pakiti ya kujaribu asubiri jibu) kutoka lupubaki kwenda lupubaki, si kupingi hivi hivi tu, maana ruta isipoambiwa inatumia anwani ya intafesi ya kutokea na hapo hujapima njia ya kurudi. Halafu akate linki moja mbele yangu apingi tena.

EDIT: Anayesema nimonita tu kwa anwani za linki, linki ikifa utajuaje kama ni linki au ni ruta nzima? Na mnaosema ruti za mkono ziachwe "kama bekapu", za mkono zina umbali (kipimo cha kuaminika, mdogo ndo unashinda) 1, OSPF ina 110, kwa hiyo hata ukiitangaza vizuri ile ya mkono ndo itakayoshinda. Zifutwe.

EDIT 2: Hapana mkuu, sijasema kila BGP iende kwenye lupubaki. Ya mtoa huduma wa juu iacheni kwenye anwani ya linki, waya ni mmoja, ukifa umekufa, na TTL (hesabu ya hatua ambazo pakiti inaruhusiwa kupiga) pale ni 1 kwa makusudi. Naongelea za ndani.