Duka kubwa la rejareja ubavuni mwa makazi: tudai masharti gani kabla kibali hakijatoka?

Swali: Katibu wa Wakazi, Mombasa

Assalaam aleikum, na heshima kwenu nyote. Mimi ni katibu wa kamati ya wakazi katika mtaa mmoja ulio kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kiwanja cha ekari 3 kilichokuwa na minazi kimenunuliwa na kampuni ambayo sitaitaja, nayo imeomba kubadilisha matumizi yake kutoka makazi hadi biashara ili ijenge duka moja la rejareja lenye sakafu ya mita za mraba 4,200, pamoja na maegesho ya magari 180. Tangazo lilibandikwa kwenye mwarubaini ulio ndani ya uzio, mahali ambapo mpita njia hawezi kulisoma, na tulipoligundua zilikuwa zimesalia siku 9 kati ya 14 zilizotajwa za kuwasilisha pingamizi.

Michoro nimeiona. Lango ni moja tu, na maegesho yote yamepangwa mbele, kati ya duka na barabara kuu. Nyuma, kunakopakana na nyumba zetu, umechorwa ukuta mtupu wa mita 84, na katikati yake kuna milango mitatu ya kupakulia mizigo ambayo inatazama kichochoro chetu. Kichochoro hicho nimekipima kwa futi kamba: upana wake haufiki mita 6, hakina njia ya waendao kwa miguu, na watoto wa madrasa hukipita kila alasiri.

Naomba nieleweke kwamba hatulipingi duka. Mama yangu hupanda tuktuk mbili kufuata unga na mafuta ya kupikia kwa bei nafuu, na likifunguliwa jirani atashukuru kuliko sisi sote. Tunachotaka kujua ni haya: sheria inatupa nafasi gani ya kudai jengo lipangwe vingine, na wenzetu kwingineko wameweka viwango gani kwa maduka ya ukubwa huu?

Jibu la 1: Mpangamiji mstaafu

Wa aleikum salaam, Bwana Katibu. Nianze na muda, kwa sababu ndio unaokuponyoka. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka mwombaji wa kibali cha uendelezaji autangazie umma, na inampa mwenye maslahi haki ya kutoa maoni au pingamizi. Wasilisheni barua yenu ndani ya siku hizo 9 hata kama hamjapata nakala za michoro. Mnaweza kuziomba kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, lakini ofisi inaruhusiwa kuchukua hadi siku 21 kujibu, na hapo dirisha la pingamizi litakuwa limefungwa. Barua iende kwanza, na nakala ziombwe siku hiyo hiyo. Pigeni pia picha ya tangazo pale lilipo, picha inayoonyesha mti, uzio na umbali kutoka barabarani, kwa kuwa tangazo lisilosomeka ni hoja inayojitegemea.

Kaunti inaweza kukataa ombi na kutoa sababu kwa maandishi, au kulikubali kwa masharti. Msiporidhika na uamuzi, mna siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mizozo ya mipango na matumizi ya ardhi, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, ni njia nyingine kabisa, na rufaa yake huenda kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Nimewaona wakazi wakilalamikia NEMA mambo ya kaunti na kuilalamikia kaunti mambo ya NEMA, wakapoteza pande zote mbili.

Sasa niseme lililo moyoni mwangu baada ya miaka mingi ya kusoma mafaili. Wakazi huandika kwamba "mradi uzingatie maslahi ya jamii", ofisi hulinakili sentensi hiyo katika kibali kama ilivyo, na jengo likikamilika hakuna mkaguzi anayeweza kusema kama sharti hilo limevunjwa au halikuvunjwa. Andikeni mita, saa, idadi na upande wa dira. "Malori yasisumbue" halina nguvu yoyote. "Hakuna lango la magari litakalofunguliwa upande wa kichochoro" ni sharti ambalo askari wa kaunti anaweza kulikagua akiwa juu ya bodaboda.

Jibu la 2: Mzaliwa wa Lamu, Colorado

Naunga mkono aliyotangulia kusema mzee wetu, nami niongeze mfano wa karibu na ninapoishi. Mji wa Fort Collins, katika jimbo hili la Colorado, ulipitisha mwaka 1995 viwango vya maduka makubwa ya rejareja, na miji mingi ya Marekani imejifunza kwao. Huhesabika kuwa duka kubwa lile linalozidi futi za mraba 25,000, yaani kama mita za mraba 2,300, kwa hiyo la kwenu lingeingia bila ubishi. Waliandika mambo ya aina mbili na kuyatenganisha waziwazi: viwango, ambavyo ni lazima, na miongozo, ambayo ni ushauri wa kumsaidia mchoraji aelewe nia ya viwango. Utengano huo mmoja umewaepusha na mabishano mengi.

Kuhusu kuta, uso wa jengo unaozidi futi 100, karibu mita 30, hauruhusiwi kunyooka mfululizo. Lazima uwe na sehemu zinazotokeza au kuingia ndani kwa kina kisichopungua asilimia 3 ya urefu wa ukuta, na sehemu hizo zichukue angalau asilimia 20 ya urefu huo. Kwa ukuta wako wa mita 84, hesabu inatoa kina cha mita 2.5 na jumla ya mita 16.8. Uso wa ghorofa ya chini unaotazama barabara ya umma sharti uwe na vibaraza vyenye nguzo, madirisha ya maonyesho, viingilio au vipaa vya kivuli kwa asilimia 60 ya urefu wake.

Maegesho hayazidi nusu mbele ya duka, na yaliyobaki huenda ubavuni au nyuma, ili mtu anayetembea asivuke bahari ya lami kabla ya kuufikia mlango. Njia ya miguu kandokando ya ukuta wenye mlango wa wateja iwe na upana wa futi 8, kama mita 2.4. Jengo likipakana na makazi, ukuta wake uwe angalau futi 35 kutoka mpakani, ambazo ni karibu mita 10.7, na katikati pawe na tuta la udongo la futi 6 lililopandwa miti isiyopukutisha majani. Sehemu za kupakulia na za taka zikae angalau futi 20 kutoka barabara yoyote ya umma au njia ya miguu, na zifichwe.

Hata hivyo, nisingependa mviige viwango hivi neno kwa neno. Viliandikwa kwa ajili ya mji ambao karibu kila mteja huja kwa gari lake. Ninalolipenda zaidi ndani yake ni lile la vibaraza, maana sisi watu wa pwani tulilijua kabla yao. Ukitembea Ndia Kuu pale Mji wa Kale, nyumba inakupa kivuli na mahali pa kuketi kabla hujapiga hodi. Duka la mita 84 lisilokuwa na kibaraza hata kimoja, katika jua la Mombasa la mwezi wa Februari, limemsahau anayekuja kwa miguu na kapu lake.

Jibu la 3: Aliyekuwa msimamizi wa stoo

Ndugu zangu, nimepokea mizigo katika maduka ya namna hii kwa miaka 11, na ningependa mjue mambo yanavyokwenda huko nyuma ya ukuta, ambako mteja hafiki. Mkate na maziwa hufika alfajiri, kwa magari madogo. Wasambazaji wa soda, sabuni na vitafunio huja kwa kanta kuanzia asubuhi, na mkiwa na milango mitatu tu wengine watasubiri nje. Trela kutoka bohari kuu hubeba kontena la futi 40, ambalo peke yake lina urefu wa mita 12.2, na ukiongeza kichwa cha gari unafika kama mita 16. Gari la namna hiyo haliwezi kugeuka katika kichochoro cha mita 6. Litarudi nyuma kutoka barabarani, king'ora kikilia, turniboi akikimbia ubavuni na kupiga bodi kwa kiganja. Nilikoanzia kazi palikuwa na nyumba iliyopakana na yadi yetu, na mwenyewe alihamisha kitanda cha watoto kutoka chumba cha nyuma hadi sebuleni kwa sababu ya king'ora hicho. Nililiona kwa macho yangu, na mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo msiombe malori yasije usiku, mkaridhika na hilo. Saa husahaulika meneja akibadilishwa. Dai kubwa liwe yadi ya kugeuzia iliyo ndani ya kiwanja, ambamo trela linaingia kwa mbele na kutoka kwa mbele, pamoja na nafasi ya kusubiria angalau kanta tatu. Yadi ikiwepo, king'ora kitalia mara chache, na kitalia mbali nanyi. Jambo la pili ni jenereta na mitambo ya majokofu, ambayo haizimwi usiku. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makazi, na usiku huo unahesabiwa tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi. Daini mchoro uonyeshe wazi mitambo hiyo itakaa wapi. Kama haijachorwa, jueni itawekwa ukutani kwenu mwishoni, pale ambapo nafasi imebaki.

Katibu wa Wakazi

Nawashukuru sana. Jana jioni nilikaa na kijana mmoja wa mtaani anayesomea ujenzi, tukapiga hesabu. Gari moja na nafasi yake ya kupitia huchukua kama mita za mraba 28, kwa hiyo magari 180 yanameza 5,040. Ukijumlisha na paa la duka unapata mita za mraba 9,240 zisizonyonya maji, kati ya kiwanja cha 12,140. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi wa Mei si ajabu kwetu, itamwaga juu ya eneo hilo lita 462,000. Ni sawa na maboza 46 ya lita elfu kumi kumi, na mteremko wa kiwanja unaelekea kichochoroni. Mchoro unaonyesha bomba moja la maji ya mvua linaloishia kwenye mpaka.

Kuna jambo jingine. Nyumba 14 kati ya zinazopakana na kiwanja hutumia maji ya kisima, na ardhi yetu ni ya mawe ya matumbawe inayopitisha maji upesi sana. Mafuta ya magari yakioshwa na mvua, yatafika kwenye ndoo zetu. Je, tudai nini hapo? Na ni busara kuomba maegesho yapunguzwe, wakati wao wanasema nafasi zikiwa chache magari yatajazana barabarani?

Mpangamiji mstaafu

Hesabu hiyo iwekeni ukurasa wa kwanza wa barua, kama ulivyoiandika hapa. Dai bwawa au tangi la kuhifadhia maji ya mvua ndani ya kiwanja, lenye ujazo uliohesabiwa na mhandisi na kuonyeshwa katika mchoro, na chujio la kutenganisha mafuta kabla maji hayajaachiwa ardhini. Msikubali shimo la kunyonya maji ya maegesho mahali popote karibu na visima, maana katika matumbawe shimo hilo ni bomba la moja kwa moja.

Maegesho ombeni yapunguzwe, na mkitaja kupunguza, tajeni pia kitakachokaa mahali pake: kituo cha matatu na tuktuk ndani ya mpaka wa kiwanja, nje ya hifadhi ya barabara, na njia ya miguu yenye kivuli kutoka kituoni hadi mlangoni. Wateja wengi wa duka hilo watakuja kama mama yako anavyokwenda sasa. Kuhusu lango la barabara kuu, hilo lina mamlaka yake ya barabara, na kaunti haiwezi kuliidhinisha peke yake, kwa hiyo ulizeni kama idhini hiyo imeombwa.

Msiogope kuambiwa kwamba mnachelewesha maendeleo. Agosti 2018, Nairobi ilibomoa Ukay Centre kule Westlands na South End Mall kando ya barabara ya Lang'ata kwa kujengwa kwenye kingo za mito. Yalikuwa majengo yaliyokwisha kukaa na wapangaji, watu wakapoteza walichowekeza kwa maswali ambayo yangeulizwa wakati kiwanja kingali kitupu. Ongezeni pia sharti kuhusu jengo likija kubaki tupu: kampuni ya maduka makubwa ya Nakumatt ilipoanguka kuanzia mwaka 2017, ilituachia magofu makubwa ambayo hayakufaa kwa jambo jingine bila kuvunjwavunjwa. Mchoro unaoruhusu sakafu ya mita za mraba 4,200 kugawanywa kuwa maduka madogo, kila moja likiwa na mlango wake wa nje, hauigharimu kampuni sana leo.

Barua mkiiandika, iwekeni hapa kabla hamjaipeleka. Nitaipitia usiku huo huo.

Katibu wa Wakazi

Tumekubaliana kukutana kesho baada ya sala ya isha, kibarazani kwa mwenyekiti. Msimamizi wa stoo, kama uko karibu na Mombasa, tafadhali njoo na kipimo cha kugeuza trela. Tuna chaki na uwanja wa madrasa wa kulichora kwa ukubwa wake halisi, ili kila mzazi alione.