Hospitali ndogo za Mtwara zisaidie waliopigwa na kimbunga nje, au tubaki na shida zetu?

Wadau, kuna hoja inazunguka huku kwetu kwamba hospitali ya jamii yenye vitanda vya kuhesabu haipaswi kupeleka msaada nje ya nchi, mama anaambiwa aje kujifungua na gloves zake halafu sisi tupakie maboksi ya dawa kwenda Msumbiji! Hoja ina uzito, siibezi. Ila mimi nasema zisaidie, zitoe watu, maboksi hapana.

Kumbukeni kimbunga Kenneth, Aprili 2019, Mtwara tuliambiwa tujiandae, kikaenda kutua Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji, na haikupita hata wiki mbili kipindupindu kikatangazwa Pemba ya kule Msumbiji. Desemba 2024 kimbunga Chido nacho kikapiga kisiwa cha Mayotte kisha Mecúfi, mkoa uleule wa Cabo Delgado. Na hao ni ndugu zetu kabisa, Wamakonde wako pande zote mbili za Ruvuma.

Sasa kipindupindu kinaua kwa kumaliza maji mwilini na wengi wakiwahiwa wanapona kwa ORS tu, yale maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, anatakiwa mtu akae na mgonjwa na kikombe, amnyweshe kidogo kidogo, amuulize ameharisha mara ngapi, kakojoa saa ngapi mara ya mwisho. Daktari aliyeshuka kwenye ndege toka Ulaya hapo anatafuta mkalimani, nesi wetu aliyekulia Newala anaongea Kimakonde toka utotoni. Aende kupitia wizara na Msalaba Mwekundu lakini, sio kujiendea tu.

Maboksi mnayajua? Baada ya tsunami ya 2004 Aceh, kule Indonesia, ilipokea kama tani 4,000 za dawa, nyingi lebo zake ziko kwenye lugha ambayo manesi wa pale hawaisomi, zingine zimeshaexpire, na kuziteketeza nako ni gharama. Ukisafisha stoo yako hivyo unamuongezea kazi mtu ambaye nyumba yake imeezuliwa.

Kuhusu hofu kwamba zamu zitabaki bila mtu nakubaliana nanyi, hospitali yenye nesi mmoja usiku isitoe mtu, wagonjwa wa hapa kwanza. Ila penye wa kupokezana atoke mmoja kwa wiki mbili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar kule Kilwa si tulionja wenyewe kufungiwa?

Mnaopinga, mnakataa hata hilo la nesi mmoja, au ni maboksi tu yanayowakera? Mfamasia na wauguzi mliomo humu semeni.