Fundi mnayemjua ameziba kutu ya gari langu kwa kiroba cha sembe

Wakuu, heshima kwenu. Mikono inanitetemeka, na si kwa baridi ya Uyole hapa Mbeya. Yule fundi ambaye sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila mwenye gari la zamani kuanzia Mafiati hadi Iyunga ameshamlilia, ameniambia asubuhi hii mbele ya mke wangu na wapangaji wote: "Mzee, shukuru hata kiroba kilikuwa kipya."

Kiroba! Nilimwita nyumbani ashughulikie Volkswagen Beetle aliyoniachia marehemu baba. Injini ya gari hilo hupozwa kwa hewa, na hewa ya moto huingia ndani kupitia njia za bati zilizo chini ya milango, ambazo ndizo zinazoipa bodi nguvu na ndizo zinazopendwa na kutu. Alitakiwa kukata bati lililooza mpaka afike penye chuma kizima, alehemu bati jipya, apake praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, ndipo puti, ule udongo wa kusawazisha bodi, ipite juu kidogo tu. Yeye alisokomeza kiroba cha sembe ndani ya tundu, akakandika puti ya kutosha kusiliba nyumba ya vyumba vitatu, akapuliza rangi, akala ugali wangu, akaondoka.

Leo nimefunga mlango, pande la puti likadondoka. Kwa ndani lilikuwa limebeba magamba ya kutu yaliyolowa, na nyuma yake maandishi "Kilo 5" yananichungulia. Fundi akakigusa kiroba kwa kidole, akakikagua, kisha akanitaka nishukuru kwa upya wake. Upya wake, wakuu!

Mkulima wa Njombe: Pole sana mkuu. Huyo huyo aliniambia kwamba Land Rover haiozi kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu, huku fremu ya chuma iliyo chini ikimeguka mkononi mwangu.

Mwana Mwanjelwa: Mtoa mada, kiroba kilipokuwa kinasokomezwa wewe ulikuwa wapi? Sumaku ya spika mbovu haishiki kwenye puti nene. Ungeipitisha hapo kabla ya kulipa. Fundi amefunika kombe, na wewe ndiye mwanaharamu uliyepita.

Mtoa mada: Nilikuwa nimekwenda kumnunulia soda! Tena anasema kilikuwa kipya!

Kijana wa Gangilonga: Afadhali kiroba. Hapa Iringa fundi alimimina asidi ya fosfori, ambayo hugeuza kutu kuwa tabaka jeusi linaloshika rangi, juu ya magamba ambayo hakuyapitishia hata brashi ya waya. Peugeot 404 yangu sasa ina mabaka utadhani chui.

Mkulima wa Njombe: Hizo 404 huanza kuoza zikiwa bado melini. Kata, ulehemu bati la unene wa geji 18, uachane na dawa.

Mwana Mwanjelwa: Geji 18 kwenye fenda, bati la juu ya gurudumu? Ukiunganisha bati nene na lile jembamba la zamani, moto utalitoboa la zamani kabla jipya halijashika.

Mtoa mada: Wakuu, mlango wangu uko wazi na mvua inakuja.

Kijana wa Gangilonga: Nani ana fenda ya kushoto ya 404 isiyo na puti? Nitaifuata hata Tukuyu.