Forester SH5 au X-Trail NT31 kwa barabara ya Mtae? Nisaidieni kabla sijatoa hela

mwl_wa_mtae: Wakuu habari za jioni. Nina milioni 18. Kuagiza Japan nimeshaacha kuwaza, gari ikipita miaka 10 TRA (mamlaka ya mapato) wanakuongezea asilimia 30 ya uchakavu na ninazozitaka zote ni za zamani, kwa hiyo nachukua ya mkononi, iliyokwisha sajiliwa hapa nchini, namba D. Nimebaki na mbili: Subaru Forester SH5 ya 2009 na Nissan X-Trail NT31 ya 2010. Zote cc 2000, zote zinavuta matairi manne. Natoka Mtae kushuka Lushoto mjini mara mbili kwa wiki, na mama watoto ana mimba ya miezi mitano, kliniki yake iko huko huko. Masika yakianza ule udongo mwekundu ukishapita Lukozi unakuwa mlenda mtupu. Naomba aliyezimiliki anijibu, sio aliyesikia kijiweni.

boksa_damu: Forester, wala usiulize mara mbili. AWD (kuvuta matairi manne) ya Subaru iko kazini muda wote, hubonyezi kitu, tairi moja ikiteleza nyingine zimeshashika. X-Trail inavuta mbele, nyuma inasubiri kuambiwa. Halafu SH5 ya 2009 ina gia boksi ya otomatiki ya kawaida, gia nne, inajulikana kila kona. NT31 ni CVT, otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kuhesabu, na CVT huku mikoani zinauliwa na mafundi, wanamwaga ATF (mafuta ya otomatiki ya kawaida) ya kopo lolote lililo karibu, miezi miwili gari haipandi mlima. Kumpa fundi wa mkoani CVT ni kumkabidhi fisi bucha.

mama_wawili: Kaka Boksa hiyo ya kusubiri kuambiwa umeitoa wapi? Nina NT31 mwaka wa tano huu, napanda nayo Soni kwenda Bumbuli kwa mama yangu mvua ikinyesha. Kuna swichi ya kuzungusha pale, 2WD, AUTO, LOCK. Ukiwa AUTO inapeleka nguvu nyuma yenyewe, ukifika kwenye tope unaweka LOCK unapita. Na siku ya lami kavu narudisha 2WD napumzisha mafuta, wewe na Forester yako unaweza? CVT yangu naibadilishia NS-2, mafuta yake yenyewe ya Nissan, kila kilomita elfu 40 na haijawahi kunisumbua.

fundi_spana: Nimesoma hapo juu "fisi bucha" nikaweka chini chakula. Mimi ndiye huyo fundi wa mkoani, niko Korogwe, mwaka wa 14 kwenye spana. Nataka nikwambie CVT zinavyokufa. Mteja anakuja, namwambia hii inataka NS-2, namwandikia na kiasi chake. Anaenda dukani, anarudi na ATF nyekundu, anasema muuzaji kasema ni ile ile. Namkatalia, anaipeleka gereji ya pili wanamwekea. Ikifa anasimulia mjini "fundi kaniulia gari". Na nyie wa Subaru ndio kabisa. Mwezi uliopita imeletwa Forester inachemsha, nimefungua mfuniko wa rejeta maji yametoka rangi ya chai ya rangi, kutu imeganda mpaka kwenye mdomo wa rejeta naikwangua kwa kucha. Nikamuuliza mara ya mwisho uliweka kulanti lini? Akanijibu maji ya bomba si yanapoza tu. Gasketi ya hedi imeshakwenda. Huyo naye kauliwa na fundi?

boksa_damu: Fundi tusidanganyane. Mimi nilipeleka gari gereji moja, nimenunua plagi nne mpya mwenyewe, nimeondoka kwenda kula. Kuja kuangalia baadaye, mbili mpya mbili za zamani. Wanajua kwenye Subaru silinda zimelala, plagi ziko pembeni, mpaka utoe betri na boksi la hewa ndio uzione, wewe mwenye gari utaangalia saa ngapi? Sijasema mafundi wote. Ila ukiumwa na nyoka hata unyasi unakustua.

fundi_spana: Sasa huyo ni mwizi, usimwite fundi. Mwalimu akiiba mtihani tunasema walimu wote wezi? Mimi plagi za zamani namrudishia mteja mkononi kwenye kitambaa, zote nne, azihesabu. Nimesomesha watoto watatu kwa mikono hii.

mwl_wa_mtae: Jamani walimu tumeingiaje tena. Naomba turudi kwenye magari.

eldo_boy: Mimi niko Eldoret. Huku kwetu gari ikizidi miaka 8 haiingii nchini kabisa, kwa hivyo hizo SH5 zote ni za kununua kwa mtu. Subaru hapa tumezipenda tangu Patrick Njiru akiziendesha Safari Rally miaka ya 90, na barabara za Safari unazijua. Nunua Forester buda.

mama_wawili: Sasa mdogo wangu, mwalimu anampeleka mkewe kliniki, wewe unamletea Safari Rally?

mzee_wa_kabichi: Nashusha kabichi na Fuso kutoka Lukozi kwenda Dar, ile barabara ya Mtae naijua jiwe kwa jiwe. Nimeshazivuta kwa kamba zote mbili mnazobishania, Subaru na Nissan, mvua zile zile. Zote zilikuwa na tairi za lami zimeisha meno. Vijana, kuvuta miguu minne kunakusaidia kupanda. Kushuka, gari zote zinasimama kwa breki na mpira tu, na watu kule hawafi wakipanda, wanakufa wakishuka, wamejiamini wana 4WD. Kijana wangu ana Toyota Fielder ya kuvuta mbele, tairi za tope nne nzuri, anapita. Mwalimu weka pembeni laki nane ya tairi kwanza halafu ndio uulize jina la gari.

boksa_damu: Fielder ifike Mtae masika? Mzee shikamoo, lakini hapo nakataa.

mzee_wa_kabichi: Marahaba. Njoo Lukozi Aprili nikuonyeshe.

fundi_spana: Mzee kasema kweli, naongezea moja. Gari ya AWD huchanganyi tairi. Mtu anabadilisha mbili za mbele, nyuma anaacha zilizolika, mzunguko haulingani, kule ndani klachi inasuguana saa zote, baadaye akikata kona gari inabana na kurukaruka. Hasa Subaru, kwa sababu haina swichi ya kuizima.

mama_wawili: Kwa hiyo ikichanika tairi moja Mtae mwalimu anunue nne? Kwa mshahara upi?

fundi_spana: Dada, spea iwe ya aina ile ile na uzungushe zote tano zilike pamoja. Haihitaji mshahara, inahitaji kukumbuka.

mwl_wa_mtae: Asante mzee, asante fundi. Hilo la kushuka sikuwa nimeliwaza kabisa. Jumamosi naenda Tanga kuziona zote mbili siku moja. Niangalie nini?

fundi_spana: Forester: ulizia taimingi belti ilibadilishwa kilomita ngapi, mwisho wake ni laki moja, hiyo injini ikikatika belti valvu zinagonga pistoni na umekwisha. Fungua mfuniko wa rejeta gari ikiwa ya baridi, uone rangi. X-Trail: chukua mlima mrefu, endesha nusu saa isipungue, CVT iliyochoka ikipata moto inajipunguzia nguvu yenyewe, utakanyaga haiendi. Nusa na dipstiki yake, ikinuka kuungua ondoka. Na zote mbili mwambie mwenyewe asiiwashe kabla hujafika, utaisikia inavyoamka. Nauli nitumie nije, sikudai kitu kingine.

boksa_damu: Fundi hapo umenifurahisha. Ila zile plagi mbili bado zinaniuma.

mwl_wa_mtae: Nauli nimekutumia. Nimempigia na mwenye Forester, anasema ataiwasha tangu saa 12 asubuhi ili nikute imeshapata moto nisisumbuke.

fundi_spana: Mwambie aache. Akiwa ameiwasha tutakaa hapo kwenye baraza yake mpaka ipoe, hata iwe saa saba.