Pampu ya pangaboi inayolia kama kokoto: ni hewa au ni kavitesheni?

Mkulima, Mbarali
Ndugu zangu, habari za kazi. Kikundi chetu hupandisha maji ya mfereji hadi kwenye majaruba ya mpunga kwa pampu ya pangaboi yenye mdomo wa kuvutia maji wenye upana wa sentimita 40. Tangu maji yapungue, mdomo umezama sentimita 60 tu. Juu yake huzuka kizingia chenye mkia mwembamba unaoshuka hadi mdomoni, na pampu hutikisika na kulia kama imemeza kokoto. Fundi mmoja ametushauri tubane valvu ya kutolea maji. Je, yuko sahihi?

Fundi mitambo, Mbeya mjini
Tafadhali msiibane. Katika pampu ya aina hii, ukibana valvu mzigo wa mota huongezeka badala ya kupungua, nao mtikisiko huzidi. Mkia mnaouona ni hewa inayovutwa kutoka juu, nayo si kavitesheni, yaani maji kuchemka na kutoa mapovu ya mvuke ndani ya pampu presha ikishuka, ingawa wengi huzichanganya. Mlio wa hewa huja na kupotea pamoja na kizingia, ilhali kavitesheni hukwaruza mfululizo. Wekeni ubao mpana uelee juu ya mdomo, kisha msikilize. Kwa kanuni inayotumika kukadiria kina cha kuzamisha mdomo, mdomo wa sentimita 40 unaopokea maji kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde hutakiwa kuzama takriban mita 1.1.

Mwalimu wa fizikia, Iringa
Naomba kuongezea, kwa kuwa sisi tunaishi juu. Maji huchemka hata yakiwa baridi, mradi presha ishuke vya kutosha. Pwani, hewa hukandamiza maji kwa uzito wa mita 10.3 za maji. Kwenye kimo cha mita 1,050 hubaki kama mita 9.1, kwa hiyo akiba yetu ya presha kabla maji hayajachemka ni ndogo zaidi. Maji yanayopenya kati ya ncha ya panga na kasha hujisokota, na katikati ya msokoto huo presha hushuka sana; hapo mapovu ya mvuke huzaliwa, kisha hubonyea ghafla yakifika penye presha kubwa, na kuchimba chuma.

Mkulima, Mbarali
Ahsanteni sana. Tuliweka ubao wa mlango wa zamani: mkia ukakatika na mtikisiko ukapungua, lakini mkwaruzo mdogo ukabaki. Tulipofungua pampu, tulikuta ncha za mapanga mawili kati ya manne zina vishimo kama mti ulioliwa na bungua. Mengine mawili ni laini kabisa.

Fundi mitambo, Mbeya mjini
Basi mna yote mawili, hewa na kavitesheni. Pimeni pembe ya kila panga, kwani huenda hayo mawili yamefungwa yakiwa yamelala tofauti na wenzake, na mpime pia upenyo kati ya ncha na kasha. Mkishusha mdomo, acheni sentimita 20 juu ya sakafu ya mfereji, la sivyo kizingia kingine kitazuka kutoka chini, ambako hamtakiona.